Blanketi Moja la Watu Wawili

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili mwaka 2025, katika shule moja ya sekondari ya wasichana iliyo kwenye nyanda za juu kusini, mahali ambapo ukungu hauondoki juu ya mipaina mpaka saa nne ya asubuhi na matope mekundu hung'ang'ania kiatu kama mdai aliyechoka kungoja, nilikaa katika safu ya tatu ya viti vya plastiki, mimi mzee wa pwani niliyevaa koti juu ya koti, nikawatazama wasichana wapatao mia mbili wakiingia uwanjani wawili wawili kwa mwendo wa madaha, wamevaa majoho ya kukodi, na mbele yao bendi ya wadogo zao ikipiga ngoma kwa bidii iliyouzidi ustadi. Mmoja wa wasichana hao ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa tatu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa basi kutoka Tanga ili nimwone akipita mbele yangu kwa muda usiotimia dakika moja, wala sijuti.

Neno mahafali tumelipokea kwa Waarabu, na kwao ni mikusanyiko ya watu tu, wala halina ndani yake kuhitimu wala kuagana. Simanzi iliyomo tumeitia sisi. Na desturi yetu ina ajabu ya pili, kwamba twamuaga mhitimu kabla hajahitimu. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita huanza mwezi wa Mei, na sherehe hutangulia kwa wiki kadhaa, kwa sababu karatasi ya mwisho ikisha kukusanywa wasichana hutawanyika siku ileile kama ndege waliotupiwa jiwe, na hapana mwalimu awezaye kuwarudisha tena mahali pamoja. Basi keki hukatwa, picha hupigwa, na mgeni rasmi hushikana mikono na watu ambao hatima yao ingali imo ndani ya bahasha zilizofungwa kwa lakiri.

Kisha ikasomwa risala. Risala ya wahitimu ni fani kamili ya fasihi yetu, na nastaajabu kuwa wahakiki wameipuuza. Huanza kwa kumtaja mgeni rasmi kwa vyeo vyake vyote pasipo kuruka hata kimoja, hueleza shule ilifunguliwa lini na ina watumishi wangapi, hutaja mafanikio kwa haraka kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya jirani aliyegombana naye, halafu huteremka kwenye changamoto, na hapo ndipo hutulia. Na changamoto zenyewe, kutoka Bukoba hata Newala, ni zilezile: uhaba wa maji, uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati, kukosekana kwa uzio, gari la shule kuwa bovu. Risala ya siku ile ilikuwa na changamoto saba. Dada mkuu aliyemaliza muda wake aliisoma kwa sauti isiyotetemeka, mgeni rasmi akaijibu kwa mifuko hamsini ya saruji, wazazi wakapiga makofi na vigelegele. Sikusikia ndani ya risala ile hata sentensi moja juu ya miaka miwili ambayo wasichana wale walikuwa wameishi pamoja. Hayo hayakuwa ya kuombea saruji.

Niliyapata baada ya pilau, chini ya mkaratusi ulio nyuma ya jiko, mjukuu wangu alipoleta wenzake watano, wote wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambayo wao huiita PCB tu, kama vile mtu amwitavyo ndugu yake kwa jina la utotoni. Wakanisalimu, "Shikamoo, babu," kila mmoja akipinda goti kwa kadiri ya adabu za kwao, nami nikaitika, "Marahaba, wajukuu wangu," wakatandika kanga juu ya majani yaliyolowa wakaketi bila ya kujali. Wa kwanza alikuwa wa Makete, wa pili wa Geita, wa tatu wa Kasulu, wa nne wa Newala na wa tano wa Same. Ukiwa na ramani nyumbani, chukua kalamu uunganishe mahali hapo patano pamoja na Tanga yetu, na utaona kuwa mstari wako umeizunguka Tanzania Bara karibu yote.

Niliwauliza watakumbuka nini. Nilitaraji kusikia habari za maabara, au mtihani wa utamilifu ambao ulikuwa umewatesa mwezi wa pili, au mwalimu fulani mkali. Wao wakaanza na baridi.

Fomu ya kujiunga iliyokuja nyumbani kwetu katikati ya mwaka 2023, mjukuu wangu alipochaguliwa kuingia Kidato cha Tano, ilikuwa na orodha ndefu ya vitu: godoro la futi mbili na nusu, shuka mbili za bluu, ndoo yenye mfuniko, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, na mwisho kabisa, blanketi moja zito. Tulikuwa barazani, Tanga, jasho likitutoka, na mama yake alipolisoma neno "zito" akanitazama kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kusoma bara. Nami, kwa ghururi ya wazee, nikasema kuwa bara naijua, kwamba blanketi ni mzigo usio na maana safarini, na kwamba mtoto akiwa na shuka mbili na kanga nzito ya kujifunika atalala usingizi wa pono. Bara niliyoijua mimi ni ile ya magharibi, ambako usiku wa kiangazi mtu hulala dirisha wazi. Mtoto akaenda na shuka zake. Usiku wa kwanza, anasema, alivaa nguo zote zilizokuwa ndani ya tranka, sare mbili, sweta na gauni la Idi, na bado meno yaligongana mpaka kitanda cha chuma kikawa kinalia. Aliyelala kitanda cha chini, msichana wa Makete ambaye hata jina walikuwa hawajaambiana, akainuka gizani bila ya kusema neno, akavua moja katika mablanketi yake mawili, la kijivu lenye mstari mwekundu pembeni, akalitupa juu. Asubuhi mjukuu wangu alipotaka kulirudisha, akaambiwa, "Kaa nalo. Kwetu blanketi moja ni shuka."

Blanketi lile halikurudi tena. Kwa miaka miwili lilikuwa la wote wawili. Aliyekuwa na homa alilichukua, aliyeamka usiku wa manane kujisomea alijifunga nalo kiunoni, na lilifuliwa kwa zamu, kazi isiyo ndogo pale ambapo ndoo ya maji hupandishwa mlima kutoka mtoni.

Mambo mengine waliyapita upesi. Njuka, yaani mgeni wa Kidato cha Tano, hana haki katika mwaka wake wa kwanza ila haki ya kuchota maji. Hayo waliyasema wakicheka, na walipokiri kuwa wadogo zao waliokuja mwaka 2024, wakiwa wa kwanza kuingia katika makumi ya tahasusi mpya ambazo serikali ilikuwa imezitangaza mwaka uleule, nao walichoteshwa maji vilevile, sikuona juto lolote katika nyuso zao. Wala suhuba yao haikuwa ya siku zote. Msichana wa Newala na wa Geita walinuniana muhula mzima kwa ajili ya ndala. Wa Same na wenzake wa Kilimanjaro walitaniana utani wa Wapare na Wachaga hadi mwalimu wa zamu akadhani ni ugomvi akawapa adhabu ya kufyeka. Mjukuu wangu aliitwa mvivu, kwa kuwa ni desturi ya watu wa bara kuamini kuwa mtu wa pwani huzaliwa akiwa amechoka, na sikwambii yale aliyokuwa akiwaita wao. Nayataja hayo kwa sababu wako waandishi wanaoupenda umoja wa taifa hata wakausema kama kwamba ni maji ya mtungini, yaliyokwisha kutulia. Ilhali watoto wale waliugombania kila siku juu ya ndoo, sahani na nafasi ya kuanikia nguo.

Lakini siku ya kurudi kutoka likizo, wakanieleza, bweni hunukia. Matranka yakifunguliwa, hutoka korosho za Newala zilizobanguliwa na bibi wa mtu, tangawizi ya Same kwa ajili ya chai ya rangi, dagaa wa Kigoma waliofungwa katika mifuko mitatu ili harufu isitoke na bado hutoka, michembe ya Geita, viazi mviringo vya Makete, na machungwa ya Muheza ambayo mjukuu wangu aliyabeba kwenye mabasi mawili. Kwa wiki moja, ugali wa dona na maharage ya shule hupata wenzao. Mtu aliyekula michembe ya mwenzake gizani baada ya taa kuzimwa hana haja ya kufundishwa kuwa Geita ni kwao pia.

Ndipo wakaja kwenye Fizikia. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mwalimu wao wa somo hilo alihamishwa, na kwa karibu miezi mitano hakuja mwingine. Wako wanafunzi ambao wangekaa wakangoja. Hawa walimtazama msichana wa Geita, mtoto wa mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliyekuwa na kitabu kimoja kilichochanika jalada na kipaji ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajui kuwa anacho. Kila usiku wakati wa prepo, yaani saa za kujisomea, alisimama ubaoni na kipande cha chaki cha kuomba, akafundisha somo alilojisomea mchana wake. Sura ya umeme aliifundisha kwa mwanga wa taa ndogo ya sola, kwa kuwa umeme wenyewe ulikuwa umekatika. Mwalimu mpya alipofika, kijana aliyetoka chuoni juzi, alikaa dawati la nyuma siku mbili akimsikiliza, kisha akasema atamwachia kipindi kimoja kila wiki. Tangu hapo jina lake ni Mwalimu, na hata alipoitwa aje kunisalimu niliwasikia wakisema, "Mwalimu, njoo umwamkie babu." Changamoto ya pili katika risala, "uhaba wa walimu wa sayansi", ni hiyo.

Na changamoto ya sita, "gari la shule ni bovu", ni usiku ambao msichana wa Kasulu alibanwa na pumu saa saba, dawa yake ikiwa imemalizika, midomo ikaanza kubadilika rangi. Matroni alikimbilia gari, gari halikuwaka. Wasichana wanane wakamlaza juu ya godoro lake, wakalishika pembe na ubavuni, wakateremka nalo hadi barabara kuu, mwendo wa kilomita moja na nusu katika matope, viatu vikibaki nyuma kimoja kimoja. Lori la kwanza halikusimama. La pili, lililobeba mbao, lilisimama. Dereva akamshusha utingo wake njiani ili mgonjwa, matroni na msichana wa Same wapate nafasi mbele. Utingo akabaki na wasichana saba gizani, akawasindikiza mpaka langoni, akakaa na mlinzi akiota moto mpaka asubuhi. Jina lake hawakumuuliza, na jambo hilo ndilo lililowatoa machozi walipokuwa wakinisimulia, si pumu.

Mgonjwa alirudi baada ya siku nne, akakuta daftari lake la Baiolojia limejazwa vipindi vyote vilivyompita. Alilileta nilione. Ni daftari la kurasa nyingi, lenye jalada gumu lililovikwa gazeti, na katikati yake, mahali pa mzunguko wa damu, mwandiko hubadilika mara nne katika kurasa kumi na moja: mmoja umelala, mmoja umesimama kama askari, mmoja ni wa herufi ndogo za ubahili wa wino, na wa nne una mchoro wa moyo uliopakwa rangi kwa kalamu nyekundu na ya bluu, umechorwa kwa uangalifu uliopita kiasi kinachotakiwa na mtihani wowote.

Wanangu wa leo hawajui, na nadhani hata wazazi wengi wamesahau, kuwa kukutana kwa wasichana hawa sita hakukuwa kwa bahati. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na kuanzia hapo mtoto wa Kiislamu wa Pangani aliweza kulala katika bweni lililojengwa na mapadri, karibu na mtoto wa mchungaji wa Kilutheri; na wanafunzi wa sekondari walikuwa wakipangwa kwa makusudi mbali na kwao, wa kaskazini kusini na wa kusini ziwani, ili nchi iliyokuwa na makabila zaidi ya mia moja na ishirini ipate watu waliokwisha kuoneana baridi. Mimi ni zao la mpango huo. Katika miaka ya sabini nilipanda treni Tanga kwa waranti ya serikali, daraja la tatu, tukapita Muheza na Mnyusi, tukashika njia ile iliyofunguliwa mwaka 1963 kuiunganisha reli yetu na Reli ya Kati pale Ruvu, kisha tukaelekea machweo siku mbili, na kila stesheni waliingia wengine wenye matranka ya bati yaliyoandikwa majina kwa rangi nyeupe, mpaka behewa likawa halina pa kuweka mguu wala lafudhi moja ya kulitawala.

Ninalo hadi leo daftari langu la kumbukumbu, ambalo sisi tuliliita otografu, tulilokuwa tukipeana zamu kuandikiana wiki za mwisho. Kila mwenzangu alijaza ukurasa mmoja: mahali alipozaliwa, chakula akipendacho, rafiki yake, adui yake. Kwenye adui wengi waliandika ubeberu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa lugha ya siku zile. Mmoja aliandika Kemia. Sisi tulimaliza shule baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo liliamuru kuwa mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka darasani bali alitumikie taifa kwanza, jeshini na kazini, basi tuliagana bila ya kujua nani atakuwa nani. Mchezaji wetu bora wa mpira wa wavu alikwenda katika vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978, na hakurudi. Ukurasa wake umefifia wino, lakini pale palipoulizwa "Tutaonana lini?" pamesomeka vizuri: ameandika "Insha Allah" na kupiga mstari chini yake.

Mambo yamebadilika, na mengine yamebadilika kwa heri. Kati ya mwaka 2004 na 2009, kwa mpango ulioitwa MMES, kila kata ilihimizwa kujenga shule yake ya sekondari, na shule zikaongezeka kutoka elfu moja na ushei hadi zaidi ya elfu nne. Kwa fadhila hiyo mamilioni ya watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba wamefika Kidato cha Nne, na nani angetamani turudi nyuma? Sisi wa miaka ya sabini tuliofanya mtihani wa Kidato cha Sita tulikuwa elfu chache nchi nzima. Siku hizi ni zaidi ya laki moja kila mwaka. Lakini shule ya kata ni shule ya jirani. Mtoto huanza elimu ya msingi kijijini kwao, akaenda sekondari kijiji cha pili, akasoma na binamu zake na kutoka na lafudhi yake ileile, wala hajapata kumwona mtu wa Newala ila katika taarifa ya habari ya bei za korosho. Mahali pa mwisho ambapo dola ya Tanzania bado humshika mkono kijana wa miaka kumi na minane na kumpeleka kwa watu asiowajua ni Kidato cha Tano, na baada ya hapo ni yale mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyositishwa mwaka 1994 yakarejeshwa mwaka 2013, ambayo huja shule ikiwa imekwisha kufanya kazi yake.

Na mahali hapo pa mwisho panavuja. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita imefutwa tangu mwaka wa fedha 2022/23, lakini nauli haijafutwa, na nauli ya Kasulu hadi nyanda za juu kusini, kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, ni mbuzi kadhaa. Likizo moja msichana yule wa pumu alikosa nauli akawa abaki shuleni peke yake na wapishi. Wa Makete akamchukua kwao, na mama yake akampa jembe siku ya pili, kwani kwao mgeni ni siku moja tu. Fauka ya nauli iko hofu ya barabara, na mzazi aliyewahi kumngoja binti stendi hadi saa nane ya usiku hana haja ya kuelezwa na mwandishi wa gazeti. Kwa hiyo barua za uhamisho huandikwa. Wenye uwezo huwapeleka watoto shule za binafsi zilizo karibu, wenye kujuana na wakubwa hutafuta njia, na wengine humwambia mtoto tangu Kidato cha Nne achague vyuo vya mkoani kwao, yaishe.

Siwalaumu, kwa kuwa mimi pia nilikuwa mmoja wao. Mjukuu wangu alipopata simu ya matroni wiki ile ya kwanza akatueleza habari za baridi, nilimwamuru baba yake aandike barua ya uhamisho siku ileile, nami nikamtajia hata la kusema, kwamba mtoto ana kifua. Hana kifua. Barua iliandikwa, ikatiwa katika bahasha. Jioni simu ikaita tena, na sauti ikasema, "Babu, niacheni. Nimeshapata blanketi." Barua hiyo ingali ndani ya mtoto wa meza ya mwanangu.

Jua lilipoanza kuteremka nyuma ya mipaina, wakaingia bwenini kugawa mirathi, nami nikabaki nje nikiletewa habari kwa vipande. Yalikuwa ni maneno ya siku za baadaye, kwani mtihani ulikuwa bado, ila walitaka kila kitu kiwe na mwenyewe kabla ya hofu haijawashika. Ndoo walipewa njuka bure. Tranka la mjukuu wangu liliuzwa kwa bei ya aibu. Madesa, yaani madaftari ya nukuu za masomo, yaligawanywa kwa kura ili pasiwe na manung'uniko, na lile la Baiolojia lenye miandiko minne lilimwangukia msichana wa Kidato cha Tano atokaye Lindi, ambaye alikwisha kuandika jina lake ndani ya jalada chini ya majina mengine. Kitabu cha Fizikia, Mwalimu alikataa kukitoa. Amesema atakwenda nacho jeshini. Kundi la WhatsApp lilikuwa limekwisha kuundwa, kwa simu za wazazi, na lina jina ambalo nimekatazwa kulichapisha.

La blanketi niliuliza mwenyewe. Msichana wa Makete akanijibu kuwa lile halirudi kwao, wala haliendi Tanga ambako, kwa maneno yake, litaozea kabatini. Atapewa njuka huyo wa Lindi, kwa sharti kwamba naye asiondoke nalo.

Serikali inapotangaza majina ya waliochaguliwa kuingia Kidato cha Tano, wako watakaolisoma jina la mtoto wao na mbele yake jina la shule wasiyoijua, katika wilaya ambayo hawajapata kufika, safari ya siku mbili au tatu kwa basi. Nakuomba, mzazi mwenzangu, usiitafute kalamu ya kuandikia barua. Isome fomu ya kujiunga hadi mstari wa mwisho, umsikilize kidogo tu mzee atakayejidai kuwa bara anaijua, kisha uende sokoni umnunulie blanketi zito. Na fedha ikiruhusu, nunua mawili.